"Nakula vibichi tu na pesa haitoshi": jibu kwa msomaji wa Tabata

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 26, nimepanga chumba Tabata na nauza nguo kwenye duka la mtu Kariakoo. Tangu kidato cha tano nimekuwa najinyima kula mchana kutwa, usiku nakula kupita kiasi, halafu najitapisha. Daktari aliniambia nina ugonjwa wa ulaji, lakini kliniki sikurudi. Tangu mwaka jana nafuata chakula kibichi tupu: matunda, saladi, karanga za kuloweka, choroko zilizoota. Jiko nimeshaligawa. Kujitapisha kumepungua sana na najisikia msafi. Shida yangu ni pesa. Korosho na parachichi zinamaliza mshahara katikati ya mwezi. Pia hedhi imekata miezi kadhaa sasa, nahisi baridi hata jua likiwaka, na nywele zinakatika. Naomba unipangie ratiba ya chakula kibichi kwa mtu wa kipato kidogo.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Wapo wanaoishi na jambo hili miaka na miaka bila hata ndugu wa tumbo moja kujua. Wewe umelisema lote, tena ukataja hedhi na nywele bila kuulizwa. Ahsante kwa kuniamini. Nami nitakujibu bila kuzunguka: ratiba ya chakula kibichi sikupi, na si kwa sababu ya pesa. Hata ungekuwa na uwezo wa kununua korosho kwa gunia, jibu langu lingekuwa hilohilo. Hedhi iliyokata, baridi isiyoisha na nywele zinazokatika ni dalili za mwili usiopata chakula cha kutosha, na mtu mwenye ugonjwa wa ulaji hapaswi kuongezewa katazo lingine juu ya yale aliyonayo. Nitakachokupa ni namna ya kushiba kwa mshahara huohuo, kwa vyakula vya genge la mtaani kwako, huku ukirudi hospitali.

Nianze na hedhi, maana umeiweka mwisho wa barua kana kwamba ni jambo dogo. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliwahoji watu 513 waliokuwa wakila vibichi kwa muda mrefu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Kati ya wanawake wenye umri chini ya miaka 45, takriban 30 katika kila 100 hedhi yao ilikuwa imevurugika au imekata kabisa, na waliokula karibu vibichi vitupu waliathirika zaidi kuliko waliochanganya. Hao waliishi katika nchi tajiri yenye maduka yaliyojaa mwaka mzima. Ubongo ukiona nishati inayoingia ni ndogo, unapunguza homoni zinazoamsha mayai ya uzazi. Estrojeni, yaani homoni ya kike, ikishuka, mifupa nayo inaanza kupoteza madini. Uchunguzi mwingine, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta walaji wa vibichi wana madini machache kwenye mifupa ya mgongo na nyonga kuliko wenzao wa umri wao wanaokula kawaida. Katika umri wako mifupa inapaswa kuwa imara kuliko itakavyokuwa maishani mwako mwote, na miezi hii inayopita bila hedhi inakula akiba hiyo.

Jambo moja hapohapo: hospitali watakupima ujauzito kabla ya yote. Usione umedharauliwa, ndivyo inavyofanywa kwa kila mwanamke ambaye hedhi imekata. Wala usidhani kwamba kwa kuwa hedhi haiji basi huwezi kupata mimba. Unaweza.

Utauliza: mbona nakula sana, sahani ya matunda inajaa mpaka juu? Ndiyo, tumbo linajaa, lakini mwili haupati cha kutosha. Wanga wa viazi, mihogo na nafaka usipopikwa, sehemu kubwa yake hupita bila kusagwa vizuri, na nyuzinyuzi za mboga mbichi hukushibisha kabla nishati haijatosha. Richard Wrangham wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye tangu mwaka 1987 amekuwa akiwachunguza sokwe mtu wa msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, amelieleza hili vizuri. Sokwe hao hutumia karibu saa sita za siku kutafuna tu. Sisi tuna meno madogo na utumbo mfupi kuliko wao kwa kulinganisha na miili yetu, na hoja yake ni kwamba moto ndio uliotuwezesha kuishi hivyo. Wewe unasimama dukani tangu asubuhi hadi jioni. Saa sita za kutafuna utazitoa wapi?

Sasa nije kwenye sentensi iliyonishughulisha kuliko zote: "kujitapisha kumepungua sana na najisikia msafi." Kujitapisha kumepungua kweli, na sitaki kukunyang'anya furaha hiyo, kwa sababu kila siku moyo na meno yako yanapopumzika ni faida. Lakini tuangalie kumepunguaje. Vyakula vilivyokuwa vinakutisha, yaani wali, chapati, maandazi, mchuzi wenye mafuta, umevifukuza vyote kwa kauli moja: "mimi nakula vibichi." Kilichoondoka ni chakula. Hofu ya chakula ipo palepale, na sasa imepata jina linalosifiwa na watu. Ugonjwa umehama chumba, haujahama nyumba.

Jipime kwa maswali haya, peke yako, bila mtu wa kumfurahisha. Shemeji yako akikuletea leo sahani ya wali maharage, moyo wako unafanyaje? Mwaliko wa mwisho wa harusi ulikwenda? Kama ulikwenda, pilau lilipofika ulisema umefunga, au ulisema tumbo linakusumbua? Siku ukionja kitu kilichopikwa, unajisikia mtu aliyekula tu, au mtu aliyetenda dhambi ya kulipia kesho kwa kujinyima? Na hilo neno "msafi", unalihisi tumboni au kwenye dhamiri? Mwaka 1997 daktari wa Marekani aitwaye Steven Bratman alilipa hali hii jina: othoreksia, yaani kushikwa na usafi wa chakula hadi maisha yanasinyaa. Bado haijawekwa kwenye orodha rasmi kama ugonjwa unaojitegemea, lakini sisi tunaokaa na wagonjwa wa ulaji tunakutana nayo, na mara nyingi inakuja hivihivi, baada ya miaka ya kujinyima na kujitapisha, ikiwa imevaa sura ya afya. Mtandaoni utaona watu wenye ngozi inayong'aa na mabakuli ya rangi zote wakisema vibichi vimewaponya kila kitu. Hawakuoneshi vipimo vyao vya damu.

Nataka pia ulielewe lile la usiku, kwa sababu wengi wanalibeba kama aibu ya ulafi. Kuanzia Novemba 1944 hadi mwishoni mwa 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wote wazima wa mwili na akili, kwa muda wa miezi sita, ili wajue namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana hao walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kujitenga na wenzao, kukasirika ovyo. Walihisi baridi katikati ya kiangazi, kama wewe. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakasema wana njaa. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa wa ulaji kabla ya hapo. Njaa yenyewe ndiyo iliyowafanya hivyo. Kula kwako kupita kiasi usiku kulianza mchana, saa ulipojinyima. Hukukosa nidhamu wala imani. Mwili ulikuwa unajiokoa.

Ndiyo maana tiba inaanza na saa, kabla ya kuuliza chakula gani. Christopher Fairburn wa Oxford, ambaye njia yake ya tiba ya mazungumzo ndiyo inayotumika sana kwa watu wanaojitapisha, huanza na hatua inayoonekana rahisi mno: milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu kwa siku, kwa saa zilizopangwa, bila kuacha pengo la zaidi ya saa nne, njaa iwepo isiwepo. Katika wiki za kwanza hisia zako za njaa na shibe haziaminiki, kwa hiyo tunafuata saa ya ukutani. Watu wanaogopa kwamba wakila mara tano au sita kwa siku watazidisha. Mara nyingi kinachotokea ni kinyume chake, kwa sababu hakuna tena ile njaa ya saa mbili usiku inayovunja mlango.

Kabla ya saa hizo, hospitali. Hili nalisisitiza. Mtu aliyekula kidogo kwa miezi mingi hapaswi kuongeza chakula kwa ghafla bila kupimwa, kwa sababu mwili ukianza kupokea wanga tena unavuta madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kwenda kwenye seli, na zikishuka mno moyo unaweza kuyumba. Na wewe umekuwa ukijitapisha, jambo ambalo peke yake linamaliza potasiamu. Kwa Tabata, Hospitali ya Amana iko karibu. Anzia huko, na wakiona haja watakupa rufaa kwenda Muhimbili, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. (Anayesoma haya akiwa Dodoma anaijua Mirembe, na aliye Nairobi anaijua Mathari. Majina ya hospitali hizi yasimtishe mtu. Ugonjwa wa ulaji ni ugonjwa wa kweli wenye tiba.)

Ukifika kwa daktari, usiseme "nasikia uchovu" tu. Ukisema hivyo utapewa vidonge vya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani, kwa kuwa watu wengi wanaojitapisha kwa macho huonekana wazima. Sema sentensi nzima: "Nina ugonjwa wa ulaji, najinyima na kujitapisha tangu sekondari, hedhi imekata." Omba upimwe potasiamu, sodiamu na fosfeti, wingi wa damu, sukari, vitamini B12, presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na kipimo cha umeme wa moyo. Kama unakunywa dawa za kuharisha au zile chai za kupunguza mwili zinazouzwa kwenye simu, mwambie pia, maana nyingi zina majani ya sanamaki, ambayo huharisha, na zinaondoa potasiamu vilevile. Gharama zikikushinda, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Uliza ilipo, eleza hali yako, usione haya.

Usisubiri siku ya kliniki ikiwa umezimia au unakaribia kuzimia, moyo unarukaruka au unapiga polepole mno, misuli inakaza au inakosa nguvu, miguu imevimba, umetapika damu, au umepata wazo la kujidhuru. Hayo ni ya kwenda siku hiyohiyo, hata usiku, na mtu wa kukusindikiza.

Sasa pesa. Nimeipitia barua yako na naona mshahara wako unaliwa na sheria ya vibichi yenyewe. Katika nchi yetu chakula cha bei nafuu chenye nishati ni mahindi, mchele, maharage, viazi, mihogo, magimbi na ndizi za kupika, na vyote hivyo vinataka moto. Ukiuzima moto unabaki na parachichi, korosho, tende na matunda ya nje ya msimu, vitu ambavyo hata mwenye gari anavinunua kwa kuhesabu. Huwezi kupunguza gharama hapo bila kupunguza chakula, na chakula chako tayari ni kidogo. Mtu akikuahidi ratiba ya vibichi ya bei rahisi, ujue amekuandikia ratiba ya njaa.

Na vile vya bei rahisi ukivila vibichi vinadhuru. Maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo punje chache tu zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu. Mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri inatoa sumu ya sayanidi. Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985 watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya ukame kuwafanya waitegemee mihogo na kufupisha muda wa kuiandaa. Hata choroko zako zilizoota nisingezila mbichi, kwa sababu unyevu na joto vinavyootesha mbegu vinakuza na bakteria. Ujerumani mwaka 2011 miche ya uwatu iliua watu zaidi ya 50. Na wewe unajua mboga zinazouzwa kwetu zinalimwa wapi: nyingi zinatoka mabondeni, likiwemo la Msimbazi, zikimwagiliwa maji yanayobeba uchafu wa viwanda na vyoo. Homa ya matumbo na kipindupindu ni hatari kwa kila mtu. Kwako, ambaye potasiamu huenda tayari iko chini, siku mbili za kuharisha zinaweza kukulaza wodini.

Matunda sikunyimi. Embe la msimu, papai, chungwa la Muheza, ndizi mbivu, vyote vina nafasi yake. Na kachumbari ikae pembeni ya ugali kama ilivyokaa siku zote, nyanya na kitunguu vikioshwa kwa maji safi. Chungwa au ndimu pamoja na maharage hukusaidia kufyonza madini ya chuma. Mchicha na karoti, kwa upande wao, hutoa vitamini A vizuri zaidi zikipikwa na mafuta kidogo au tui la nazi. Kibichi kikae na kilichopikwa kwenye sahani moja, kisiwe badala yake.

Siku yako ningeipanga hivi, na mtaalamu wa lishe wa hospitali atairekebisha kulingana na vipimo. Saa moja asubuhi kabla ya kutoka, uji wa ulezi au wa mahindi uliowekwa maziwa na karanga za kusaga, au chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Ukipata vile vya rangi ya chungwa, ni bora zaidi. Saa nne, yai la kuchemsha kwa muuza mayai anayepita hapo Kariakoo, au ndizi mbivu na karanga za kukaanga. Saa saba mchana kaa kwa mama lishe ule sahani kamili: wali au ugali, maharage, mboga ya majani, na kipande cha samaki mfuko ukiruhusu. Usimwambie apunguze wali. Saa kumi kula tena, mtindi au muhogo wa kuchoma au andazi na chai. Hiki cha saa kumi ndicho watu wanachokiruka, na ndicho ningekulinda nacho kuliko vyote, kwa sababu ukifunga duka na kukaa kwenye foleni ya daladala ukiwa na njaa, unafika chumbani ukiwa tayari umeshindwa na usiku. Chakula cha jioni ni saa moja au saa mbili usiku: ugali wa dona, dagaa wa Mwanza, matembele, kachumbari. Ukichelewa kulala, kunywa kikombe cha maziwa. Vitamini B12 haipo kwenye mimea, na dagaa, yai na maziwa ndiyo njia rahisi ya kuirudisha.

Jiko uliloligawa tafuta lingine, hata la mkono wa pili. Mafuta ya taa na mkaa utavipunguza kwa kupika kwa akili. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka yatokote kwa nguvu si chini ya dakika kumi, endelea mpaka yaanze kulainika, kisha sufuria ikiwa bado inatokota na mfuniko wake uitie kwenye kikapu kilichojazwa nguo nzito au pamba na uifunike vizuri. Joto lenyewe litamalizia kazi wakati wewe unafanya mambo mengine. Kabla ya kula uyachemshe tena. Sufuria moja ya maharage inakutosha milo kadhaa, na kama jirani yako ana friji, mpikie naye sehemu yake.

Kwenye kununua kuna jambo ambalo washauri wa bajeti hawalijui. Wao watakuambia nunua kwa wingi, ni rahisi. Kwa mtu anayekula kupita kiasi usiku, mkate mzima na pakiti za biskuti ndani ya chumba kimoja ni mtihani mkubwa mno kwa sasa. Kwa hiyo gawa. Mshahara ukiingia, nunua kwa wingi vile ambavyo haviliwi bila kupikwa: unga, mchele, maharage makavu, dagaa, na mafuta ya alizeti. Hivyo ndivyo vinavyobeba mwezi. Mkate, maandazi, karanga za kukaanga na sukari chukua vya siku moja kwa mangi, hata kama vinaongeza shilingi kidogo. Ile pesa iliyokuwa ikienda kwenye korosho na parachichi italipia sahani ya mama lishe. Parachichi likishuka bei msimu wake, kula. Halijawa adui.

Usilazimishe kurudi kwenye vyakula vyote kwa siku moja. Anza na kilichopikwa ambacho kinakutisha kidogo, labda uji au viazi, ukizoea uongeze wali, na chapati ije baadaye. Vinavyokutisha sana, uvile ukiwa na mtu. Tumbo litajaa gesi na kuvimba wiki za kwanza, kwa sababu tumbo lililonyimwa linasukuma chakula polepole. Chakula laini kilichopikwa linakimudu kuliko bakuli la kabichi mbichi, kwa hiyo kuvimba huko kusikurudishe kwenye saladi. Ikitokea umejitapisha, suuza mdomo kwa maji tu, usipige mswaki papo hapo, maana asidi imelainisha meno. Kisha mlo unaofuata ule kwa saa yake. Usiufute kama adhabu, hapo ndipo mzunguko mzima unapoanza upya.

Hutaweza haya peke yako chumbani. Chagua mtu mmoja. Shangazi, dada, rafiki wa dukani, yule ambaye ukimwambia siri haifiki sokoni. Mwombe jambo dogo linaloeleweka: akae nawe mkila, asihesabu matonge yako, na mkimaliza mkae pamoja saa moja mkizungumza mambo mengine. Saa hiyo moja baada ya kula ndiyo yenye shida kubwa. Mwambie pia asikusifie wala kukukosoa mwili. Wengine watakusifia bila kuombwa. Kwetu mtu anaweza kukusalimia kwa "umenawiri siku hizi!" akidhani amekupa zawadi, na wewe ukaisikia kama tusi. Jibu "ahsante, habari za nyumbani?" na ubadilishe mazungumzo, kisha jioni umweleze yule mtu wako jinsi neno hilo lilivyokuuma.

Hukutaja dini yako, lakini funga inakuja kwa Mwislamu na Kwaresima kwa Mkristo, na zote mbili zinaweza kuwa kichaka cha kujifichia. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na padri au mchungaji anayejua hali yako hatakutaka ujinyime chakula. Zungumza na kiongozi wako wa dini mapema, na daktari ajue.

Kuhusu kurudi kwenye vibichi siku za mbele, sitakuahidi. Hedhi ikirudi, vipimo vikikaa sawa, na ukiweza kula sahani ya pilau kwenye harusi ya mtu na kulala usingizi usiku huo, swali hilo tutaliangalia upya pamoja na daktari wako. Wengi wakifika hapo hawaliulizi tena.

Kwa sasa nakuomba uniandikie mambo mawili: tarehe utakayokwenda Amana, na nani utakula naye chakula cha jioni Jumapili hii. Majibu ya damu yakitoka, omba nakala, kisha tuyapitie namba kwa namba.